Mmea Unaoimba: Kipi Kimepimwa, Kipi Kimetungwa

Imesambaa katika makundi ya simu hapa Tanga video fupi ya kijana aliyebana vibanio viwili kwenye majani ya mmea wa chungu, akaviunganisha kwa waya na kijikasha kisichozidi ukubwa wa kiberiti, na hapo hapo kijikasha kikaanza kutoa sauti tamu mithili ya kinanda. Kijana akiligusa jani, muziki unapanda. Akiuondoa mkono, unatulia. Shangazi yangu wa Pongwe alinitumia video hiyo mara mbili kwa siku moja, ya pili ikiwa na swali: "Mwanangu, hili ni jini au ni kompyuta?" Kwenye baraza la kahawa pale Ngamiani nilikuta swali hilo hilo likijadiliwa, na majibu yalikuwa matatu: kwamba mmea una mwenyewe na huyo mwenyewe ndiye anayeimba, kwamba ni uongo uliotengenezwa kwa akili bandia, na kwamba wataalamu wamekwisha kuthibitisha kuwa mimea ina roho na inazungumza.

Majibu yote matatu yamekosea, na kosa lao ni moja: hayatenganishi kilichopimwa na kilichotungwa. Video ya aina hiyo ni mlango tu wa jambo kubwa zaidi, yaani matumizi ya sanaa na teknolojia katika kueleza jinsi msitu unavyoishi, na sisi ambao maji ya bomba zetu yanatoka kwenye misitu ya Usambara tuna sababu ya kuupita mlango huo macho wazi.

Tuanze na maneno. Ikolojia ni elimu ya mahusiano ya viumbe: nani anamla nani, nani anamkinga nani na jua, nani anabeba mbegu za nani, na maji yanapita wapi kabla ya kufika yanakofika. Kwa mtazamo huo msitu si idadi ya miti, kama mtaa usivyokuwa idadi ya nyumba. Sanaa shirikishi ni kazi ya sanaa ambayo haikamiliki mpaka hadhira itende jambo: iguse, isogee, ijibu, ipulize. Jina ni jipya lakini mambo si mageni kwetu, kwa sababu kitendawili hakiendi mbele mpaka mtu aitike "tega", na msimulizi wa ngano anayeachwa bila kuitikiwa hunyamaza. Kihisi ni kifaa kinachogeuza badiliko la mazingira, liwe la joto, mwanga, unyevu, mguso au umbali, kuwa badiliko la umeme. Taa ya ukutani inayowaka mtu anapokatiza uani usiku ina kihisi ndani yake.

Neno la nne ndilo linalosahauliwa, nalo ni kanuni ya tafsiri. Kihisi hutoa tarakimu tupu, na tarakimu hazina sauti wala rangi. Lazima pawepo mtu aliyeamua kwamba tarakimu ikipanda, sauti iwe nyembamba, au taa iwe nyekundu, au picha ya mti ukutani ichipue tawi. Mtu huyo ni mkalimani, na kama wakalimani wote, anaweza kuwa mwaminifu, anaweza kupamba, na anaweza kusema yake.

Sasa turudi kwenye chungu cha yule kijana. Kijikasha chake hupitisha umeme mdogo sana kwenye jani na kupima unapita kwa urahisi gani. Jani limejaa maji na chumvichumvi, kwa hiyo umeme hupita. Mkono wa binadamu nao umejaa maji na chumvi, kwa hiyo unapoligusa jani, njia ya umeme hubadilika na tarakimu zinaruka. Tarakimu hizo hupelekwa kwenye programu iliyokwisha kupangiwa sauti zipi zitumike, na kwa kawaida ni sauti zinazopatana tu, ndiyo maana "mmea" haukosei hata mara moja. Vibanio hivyo hivyo vikibanwa kwenye kitambaa kilicholoweshwa, au kwenye embe lililoiva, muziki utatoka pia. Hapo hapana jini. Wala si lazima iwe hila ya akili bandia, kwa maana kipimo ni cha kweli. Kilichotungwa ni wimbo.

Je, mimea basi haina umeme wake yenyewe? Inao, na anayetaka ushahidi hahitaji maabara. Kila aliyekulia uswahilini anakijua kifauongo, kile kijani cha njiani ambacho ukikigusa hufumba majani yake na kujifanya kimekufa. Mguso huamsha ishara ya umeme inayosafiri ndani ya mmea hadi kwenye vifundo vidogo vilivyo kwenye mashina ya majani. Hapo maji hutoka upande mmoja wa kifundo, kifundo kinalegea kama mpira wa kumwagilia uliofungiwa bomba, na jani linaanguka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa Kihindi, Jagadis Chandra Bose, alishughulika sana na kupima ishara za namna hiyo. Ishara zipo, ila ishara si maneno, na kufumba majani si kulalamika.

Hata sauti halisi zimepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mimea ya nyanya na tumbaku, ikinyimwa maji au ikikatwa shina, hutoa milio mifupi makumi kadhaa kwa saa, hali mmea usio na shida hutoa chini ya mmoja. Milio hiyo ina mitetemo kati ya 40,000 na 80,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu huishia karibu na 20,000, kwa hiyo hatuisikii. Inadhaniwa kwamba chanzo chake ni viputo vya hewa vinavyopasuka ndani ya mirija ya maji ya mmea, jambo lisilo mbali na namna bomba linavyokoroma uani maji yanapokatika. Ili tuisikie, watafiti waliishusha mitetemo hadi kiwango cha masikio yetu na kuacha idadi ya milio kama ilivyo. Hiyo ni tafsiri ya karibu: milio mingi maana yake shida kubwa. Wimbo wa kinanda ni tafsiri ya mbali, kwa sababu msikilizaji hawezi kujua kutokana nao kama mmea una kiu au umeshiba.

Nisieleweke kwamba tafsiri ya mbali haifai. Mwaka 1992 wasanii wawili, Christa Sommerer wa Austria, ambaye pia alisomea elimu ya mimea, na Laurent Mignonneau wa Ufaransa, waliweka mimea mitano halisi mbele ya ukuta mkubwa wa picha. Mgeni aliposogeza mkono karibu na mmea, ukutani zilichipua picha za mimea zilizoongozwa na umbali wa mkono wake. Hakuna aliyejifunza pale jinsi usanisinuru unavyofanyika, na wala hilo halikuwa lengo. Kilichobaki kwa mgeni ni hisia kwamba kuukaribia mmea si tendo lisilo na matokeo. Kazi ya namna hiyo huanza kupotosha pale tu mwenyewe anapoitangaza kuwa ni mazungumzo.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, tija kubwa ya sanaa hii haiko kwenye mmea mmoja. Iko pale inapoonyesha mahusiano, kitu ambacho picha ya kawaida haiwezi. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Bernie Krause, mnasa sauti wa Marekani. Mwaka 1988 alinasa sauti za alfajiri katika bonde la Lincoln Meadow, kwenye milima ya Sierra Nevada, kabla ya kampuni ya mbao kukata miti kwa mtindo wa kuchagua mmoja mmoja, mtindo ulioelezwa kwamba hautaleta madhara. Mwaka mmoja baadaye alirudi mahali pale pale, msimu ule ule. Kwa macho na kwa kamera bonde lilikuwa lile lile, la kijani na la kupendeza. Kwa masikio halikuwa lile: ndege wengi waliokuwa wakisikika hapo awali walikuwa wametoweka, na kilichotawala ni mlio wa kijito.

Krause hugawa sauti za mahali katika mafungu matatu: sauti za dunia yenyewe, kama upepo na maji, sauti za viumbe, na sauti za binadamu na mashine zake. Anasema pia kwamba katika mazingira yenye afya kila kiumbe huwa na nafasi yake ya sauti. Sisi watu wa pwani tunaweza kulielewa hilo upesi kuliko wengine. Katika taarabu ya zamani fidla haikanyagi kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), udi hauingilii besi, na mwimbaji hupata uwazi wa kupitisha neno lake. Msituni nyenje hushika sehemu ya juu, chura huchukua ya chini, ndege hugawana katikati na hupishana kwa saa, na popo hupanda hadi mahali ambapo masikio yetu hayafiki. Kompyuta inaweza kuuchora mpangilio huo kama picha, muda ukienda kulia na wembamba wa sauti ukipanda juu. Na mahali ambapo kiumbe ametoweka huonekana pengo, mithili ya pengo la jino. Picha hiyo ikirushwa ukutani kwa projekta, na vihisi vikawekwa sakafuni ili kila anayepita azime ala moja, hata mtoto wa darasa la tatu ataelewa kwa nini msitu wa kijani unaweza kuwa mgonjwa.

Na wa kwetu, je? Misitu ya Usambara Mashariki, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ni darasa la jambo hilo hilo. Anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 na ambako hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997, huona kijani kila upande. Si kijani chote kilicho cha asili. Uko mti uitwao na wataalamu Maesopsis eminii, ulioletwa na kupandwa huko mwanzoni mwa karne iliyopita, ukasambaa sana baada ya ukataji wa magogo kwa mashine kuacha mianya msituni. Mbegu zake hubebwa na hondohondo, ndege wa asili kabisa, asiyejua wala kujali kwamba tunda analolimeza ni la mgeni. Mpita njia huona mti na ndege, naye hufurahi. Mwenye kujua huona uhusiano ulioelekezwa kwingine.

Kisa cha pili ni kinyume chake. Watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walichunguza mti mdogo wa Usambara uitwao Leptonychia usambarensis, ambao hutegemea ndege kuzibeba mbegu zake mbali na mti mama. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba katika vipande vidogo vya msitu vilivyotengwa na mashamba, ndege hao ni wachache, mbegu chache huondolewa, na miche mingi hubanana chini ya mti mama badala ya kuenea. Miti imesimama, majani yapo, matunda yapo, ila mjumbe hayupo. Mimi sijaona mfano bora wa kueleza neno ikolojia kwa mtu asiyelijua.

Chukulia sasa kisa hicho kimegeuzwa kuwa sanaa shirikishi katika ukumbi wowote wa Tanga, hata ule wa Makumbusho ya Urithi Tanga kwenye Boma la zamani. Projekta inarusha sakafuni bara moja kubwa la mwanga wa kijani na visiwa vitatu vidogo, na kati ya bara na visiwa kuna uwazi wenye rangi ya mashamba ya chai. Watoto ni ndege. Kamera iliyo darini inafuata mwendo wao, na kanuni ni moja tu: ndege asivuke uwazi. Kila mtoto anapopita juu ya tunda, mbegu inamfuata na kuota anakoelekea. Baada ya dakika kumi bara kubwa limejaa miche kila pembe, na visiwa vidogo vina rundo moja tu chini ya mti mama. Hapana haja ya kuhutubia. Mwalimu asiye na projekta achore duara kwa chaki na kutumia kete za bao. Somo litakuwa lile lile, pungufu ya mwanga.

Maji nayo yana chombo chake. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilibuni sanduku la mchanga ambalo kwa juu lina kamera inayopima umbali, ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya video, pamoja na projekta. Ukifinyanga mlima kwa mikono, rangi za mlima na mistari ya mwinuko hutokea juu ya mchanga. Ukichimba bonde, panakuwa bluu. Ukinyoosha kiganja hewani, mvua ya mwanga inanyesha na kutiririka kufuata umbo ulilolifanya. Ukiufinyanga mto Sigi ukitoka Usambara hadi bwawa la Mabayani, ambalo ndilo huihudumia Jiji la Tanga, mtu ataona kwa macho kwamba mvua ya Amani na bomba la Chumbageni ni jambo moja.

Hapa pana onyo, kwa kuwa chombo kizuri hudanganya kwa utamu. Sanduku hilo huonyesha umbo la ardhi likiongoza maji, na miti haina nafasi yake katika onyesho la kawaida. Katika msitu halisi tone la mvua hupiga jani kwanza, likashuka kwenye majani makavu, likaingia udongoni kupitia njia za mizizi na wadudu, na likatoka chemchemini taratibu, pengine baada ya siku nyingi. Mwaga kata ya maji kwenye sakafu ya saruji, kisha mwaga nyingine kwenye rundo la makumbi ya nazi, utapata tofauti ninayoisema. Mwongoza wageni asiyeongeza maelezo hayo atawaacha watu wakidhani kwamba mlima mtupu hutunza maji sawa na mlima wenye msitu.

Dai jingine linalopita kwenye simu ni kwamba miti huongea chini ya ardhi na kwamba miti mikubwa hunyonyesha watoto wake. Asili ya dai hilo ni utafiti halisi. Mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake nchini Canada walichapisha matokeo yaliyofuatilia kaboni ikihama kati ya miche ya aina mbili tofauti za miti, ambayo mizizi yake iliunganishwa na nyuzi za kuvu. Kuvu hao ni jamaa wa uyoga. Hupokea sukari kutoka kwa mti na kuupa mti maji na madini, biashara ya nipe nikupe. Lakini mwaka 2023 wataalamu watatu, Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema, walipitia upya ushahidi uliopo na kuonya kwamba mengi yanayosimuliwa juu ya mitandao hiyo yamevuka kilichothibitishwa msituni. Msanii anayewasha taa za rangi kati ya miti kuonyesha nyuzi za kuvu hajakosea. Anayeandika kando yake "mama akimlisha mwanawe" ameacha kutafsiri na kuanza kutunga.

Kuhusu miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha anayeivaa mandhari iliyotengenezwa na kompyuta, sitasema mengi. Mwaka 2015, katika msitu wa Grizedale kaskazini mwa Uingereza, kikundi cha Marshmallow Laser Feast kiliwavika wageni kofia zilizofunikwa kwa kuvumwani, wakaona ndani yake msitu ule ule waliosimama kwa namna inayokisia macho ya mbu, kereng'ende, chura na bundi. Umbo la msitu lilikuwa limepimwa kwa miale ya leza. Macho ya mbu yalikuwa ni makisio ya msanii yaliyoegemea sayansi. Jambo lililonivutia ni kwamba kofia zilivaliwa msituni humo humo, si mjini. Neno "pepe" kwa mkulima wa mpunga ni punje isiyo na kiini, na uhalisia pepe unaomfanya mtu asione haja ya kupanda Amani kwa miguu yake ni pepe kwa maana zote mbili.

Shangazi alipomaliza kunisikiliza alisema, "Kumbe anayeimba ni yule kijana." Kisha akauliza iwapo vifaa hivi ni vya Wazungu tu. La hasha. Kinasa sauti cha AudioMoth, kilichobuniwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, kinatosha kiganjani, michoro yake iko wazi kwa yeyote, na kinaweza kunasa hata popo. Simu ya kawaida hainasi popo vizuri, lakini kwa ndege na vyura wa kando ya msitu inafaa kwa kuanzia. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu na mtu anayejua majina, na vijiji vya Muheza bado vina wazee wanaomtambua ndege kwa mlio kabla hajaonekana.

Rekodi ya pili ya Lincoln Meadow ilipata maana kwa sababu ya kwanza ilikuwepo. Shule iliyo jirani na msitu ikichagua jiwe moja, ikaweka simu juu yake dakika kumi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, na kuandika daftarini hali ya hewa na majina ya waliosikika, itakuwa na rekodi yake ya kwanza mwezi huo huo.